Kabla Hujafunga Dishi la Intaneti

Nililifunga dishi lile mwezi wa nane. Ilikuwa shule ya msingi upande wa Inyonga, mahali ambapo ukitaka kupiga simu unapanda kichuguu na kugeuza uso kaskazini. Magharibi mwa ofisi ya mwalimu mkuu, hatua kama kumi na tano hivi, palikuwa na mninga mmoja mkubwa uliokwisha pukutisha majani yote, matawi yamebaki makavu kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Niliutazama, nikapima kwa jicho, nikasema hauna neno. Dishi likakamata, modemu ikawasha taa zake zote, walimu wakashangilia. Nikapewa dumu la asali, nikarudi Mpanda nikijiona fundi kwelikweli.

Desemba mwalimu mkuu akanipigia, bila shaka akiwa juu ya kichuguu. "Fundi, dude lako limekufa."

Halikuwa limekufa. Mninga ulikuwa umevaa. Ule mwanya niliouona Agosti ulikuwa umezibwa na majani, na majani yakilowa mvua huyanywa mawimbi karibu kama ukuta. Asubuhi kukiwa kukavu, mtandao ulikuja kwa kusuasua. Mchana wingu likimwaga, ukakatika. Mninga nao haukatwi kienyeji, ni mti wa vibali. Ikabidi tuhamishe nguzo. Zege jipya, waya mwingine wa mita 40 na nauli ya safari ya pili vilitoka mfukoni mwangu, na ilikuwa haki.

Nimeanza na kosa langu kwa sababu karibu kila anayenifuata kuhusu intaneti ya satelaiti ana swali moja tu: dishi shilingi ngapi? Namjibu kwamba hilo tutalifikia. Dishi ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika biashara hii. Wanaoshindwa huku Katavi hawashindwi na bei ya dishi. Wanashindwa na mti, na umeme, na malipo ya mwezi wa saba, na vijana wanaokaa nje ya ukuta usiku wakipakua filamu.

Kwa hiyo tuanze na kazi. Kaa chini uandike unataka intaneti ya kufanya nini, kitu kimoja kimoja. Mwalimu mkuu yule aliniambia anataka "intaneti ya shule." Nilipombana, ilikuwa hivi: tangu mfumo wa manunuzi ya umma wa NeST uanze mwaka 2023, hata mbao na chaki hupitia humo, naye alikuwa akifunga safari ya mjini kila penye manunuzi. Juu ya hapo kulikuwa na taarifa za wanafunzi, barua pepe za halmashauri, na walimu wenzake kuzungumza na familia zao. Ukitoa hilo la mwisho, kazi zote za ofisi ya shule kwa mwezi mzima hazifiki GB 2. Faili la PDF ni MB chache. Kupiga simu ya sauti ya WhatsApp saa nzima ni kama MB 30. Kinachokula ni picha zinazotembea: video ya ubora wa 720 humaliza GB moja au zaidi kwa saa, na kompyuta ya Windows ikiamua kujisasisha inaweza kubugia GB kadhaa bila kukuomba ruhusa.

Ukishaona kwamba kazi yako ni GB 2 na si 200, kuna mlango mwingine wa kugonga kabla ya satelaiti: mnara. Usiniambie "kwetu hakuna mtandao" mpaka umefanya jaribio hili. Chukua simu yenye laini mbili, na kila siku badilisha laini mpaka uwe umejaribu kampuni zote. Panda juu ya paa, juu ya tangi la maji, juu ya mwembe. Andika mahali na saa uliyopata hata alama moja ya 4G au 3G. Alama moja mkononi, juu ya bomba la mita sita lenye antena ya nje inayotazama mnara, huwa mara nyingi intaneti ya kutosha ofisi. Antena ya namna hiyo na ruta ya laini havikaribii gharama ya satelaiti, na bando unanunua pale unapohitaji tu. Sitalike haiko mbali na mji, ni kilomita 35 hivi, na nimeshakuta watu wa kando yake wakijipanga kuagiza dishi ilhali mtandao ulikuwa juu ya paa lao wenyewe.

Kuna na njia ya kurusha mtandao kwa antena mbili zinazotazamana. Ndugu yako mwenye mtandao mzuri akiwa upande wa pili wa bonde, na ukaiona nyumba yake kwa macho bila kilima katikati, antena hizo hufika kilomita kumi na zaidi. Sharti ni kuonana. Kwenye miinuko ya Mwese na mteremko unaoshuka Ikola na Karema, kilima kimoja kinakuharibia kila kitu. Kuelekea bonde la Rukwa, upande wa Majimoto, nchi ni tambarare na mambo ni mepesi.

Swali jingine, na hili watu hulisahau: mnara unakuja lini? Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulisaini mikataba ya minara 758 ya vijijini Mei 2023, katika mikoa 26. Nenda halmashauri, uliza kata yenu imo kwenye mpango upi na umefikia wapi. Si swali la siasa, ni la hesabu. Dishi la satelaiti linajilipa kwa miaka mitatu. Mnara ukisimama mwaka unaofuata, umebaki na chuma juu ya bati na mkataba unaokunyonya. Na kama kata haimo kwenye mpango wowote, barua ya serikali ya kijiji kuomba mnara haigharimu kitu zaidi ya muhuri.

Haya, umejaribu vyote, hakuna. Sasa tuzungumze satelaiti.

Ziko za juu na za chini, na tofauti yake ni umbali. Za juu hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, zikizunguka sawasawa na dunia, ndiyo maana kutoka ardhini zinaonekana zimesimama. Ndizo zinazoleta televisheni. Dishi la Azam lililoko juu ya bati lako linatazama satelaiti ya namna hiyo, ya Eutelsat, kwenye nyuzi 7 Mashariki, na kwa mtu wa Mpanda huko ni magharibi, kaskazini kidogo, umeinua uso kama nyuzi 60. Za chini, kama zile za Starlink zilizoanza kurushwa kwa wingi mwaka 2019, hupita kama kilomita 500 tu juu yetu, lakini hazisimami. Moja inapita, inaipokeza nyingine, na dishi lake bapa huzifuata bila kugeuka.

Umbali una bei yake. Ukibonyeza kitufe kwenye mtandao wa satelaiti ya juu, ombi linapanda, linashuka kwenye kituo cha mtoa huduma, jibu linapanda tena, linashuka kwako. Ni zaidi ya kilomita 143,000. Hata kwa mwendo wa mwanga, ambao hakuna fundi wa kuuongeza, hiyo ni karibu nusu sekunde kabla ya ucheleweshaji mwingine wowote. Video inacheza vizuri kwa sababu inatiririka tu. Simu ya WhatsApp inageuka kuwa ya "ova": unasema, unanyamaza, unasubiri, na mkisema pamoja mnagongana. Mifumo ya ofisi inayokwenda na kurudi mara ishirini kabla ya kufungua ukurasa mmoja ndiyo inayokera zaidi. Usidanganywe na mtu anayekuonyesha kasi ya Mbps 20 kwenye karatasi. Mwambie akufungulie mfumo wako mwenyewe, mbele yako, na uhesabu sekunde.

Za chini hazina tatizo hilo, jibu linarudi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Zina mengine, nitayafikia.

Juu ya mti nimeshasema, ila niongeze jambo. Satelaiti ya juu inataka tundu moja tu la anga, mahali pamoja, na ukilipata umelipata. Dishi la satelaiti za chini linataka anga karibu yote, kama mtu aliyelala chali uwanjani anayeangalia ndege wakipita kila upande. Mwembe wa uani usiolisumbua dishi la Azam unaweza kulikata dishi bapa kila baada ya dakika chache, sekunde tano hapa, kumi pale, na wewe utadhani ni "mtandao mbovu." Programu za simu za huduma hizo zina kipimo cha kuzungusha kamera angani; kitumie. Na kitumie kwa kukumbuka majira. Miombo yetu inakuwa uchi kuanzia Julai na kuvaa tena kati ya Septemba na Novemba. Ukipima Agosti, ongeza majani kichwani mwako. Kama huwezi kuyaongeza, subiri Januari.

Mvua ni suala jingine na halina tiba. Kila mwenye king'amuzi anajua picha inavyoganda wingu zito likija. Huduma nyingi za intaneti ya satelaiti ya juu hutumia masafa ya Ka, yenye mawimbi mafupi kuliko yale ya televisheni, na matone ya mvua huyala zaidi. Kwa hiyo kati ya Novemba na Aprili, mvua kubwa ya saa tisa alasiri inakutoa hewani dakika kumi, ishirini, halafu unarudi. Panga kazi zako za asubuhi. Kuna na kioja cha kila mwaka: siku chache mwishoni mwa Machi na nyingine karibu na Septemba 20, jua hupita nyuma kabisa ya satelaiti ya juu, na kwa dakika chache mtandao unazimika kila siku saa ileile, mbingu ikiwa nyeupe pee. Usimwite fundi. Kunywa chai.

Fundi mwenyewe naye umchague. Kijana anayefunga madishi ya Azam na kuyapatia vizuri si lazima ayaweze haya. Dishi la televisheni linapokea tu, likikamata, limekamata. Hili la intaneti linapokea na kutuma, na likiwa pembeni kidogo linaonekana linafanya kazi huku linatuma kwa kubabaisha, kila wakati likirudia kilichoshindwa kusikika. Muulize fundi: utapima vipi upande wa kutuma? Akikwambia taa zikiwaka inatosha, mshukuru, mwache aende.

Sasa umeme. Hapa ndipo nataka ukae.

Katavi ilikuwa kwa miaka mingi ikitegemea majenereta ya TANESCO, mbali na gridi, na wenyeji wanajua maana ya kuhesabu lita za dizeli. Hata mahali ambapo nguzo zimefika, dishi ni mlaji wa aina ambayo nyumba nyingi za kijijini hazijawahi kuwa nayo. Dishi la kawaida la satelaiti za chini hula wati 50 mpaka 100. Tuchukue 75. Ukiliacha liwake saa 24, ni uniti 1.8 kwa siku, uniti 54 kwa mwezi. Kwa macho si nyingi. Lakini kumbuka daraja la D1, la mteja mdogo wa nyumbani, lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Nyumba yenye taa, televisheni na friji dogo ilikuwa ikitumia 40. Weka 54 juu yake. Ukizidisha mara kwa mara, unahamishiwa T1, na kwa bei zilizotumika miaka hii uniti inapanda kutoka shilingi 100 hadi 292, kodi bado. Aliyezoea kupata uniti nane kwa buku anapata mbili na nusu na kidogo. Yaani dishi halikuongezei tu umeme wake. Linapandisha bei ya taa na friji vilivyokuwepo kabla yake. Sijaona tangazo hata moja la intaneti lenye mstari huo.

Dawa ni kuzima. Ofisi inafunga saa kumi, dishi lizimwe saa kumi. Swichi ya saa, ile ya kuchomeka ukutani, inafanya kazi hiyo bila kumkumbusha mtu. Saa nane kwa siku ni uniti 18 kwa mwezi, na uko salama.

Kwa mwenye sola, hesabu ni ya betri. Betri ya asidi ya 12V na 200Ah ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi, lakini ukiitoa zaidi ya nusu unaiua kabla ya siku zake. Kwa hiyo una 1,200. Inveta itakula sehemu yake, na joto nalo. Dishi la wati 75 litakwenda kama saa kumi na tatu. Seti ya satelaiti ya juu, modemu na kitumaji vikila kama wati 40, itakwenda zaidi. Dishi dogo la wati 30 litakwenda usiku kucha na mchana wake. Paneli ya wati 300 huijaza betri hiyo vizuri mwezi wa saba. Januari mawingu yanakaa siku tatu mfululizo na paneli ileile inaleta nusu au pungufu. Kama mtandao ni wa zahanati, usihesabu kwa jua la Julai. Nunua paneli mbili, au kubali kwamba siku za mvua intaneti ni ya saa nne tu, na uandike ukutani ni saa zipi.

Vifaa vingi vya aina hii ndani yake vinatumia umeme wa betri moja kwa moja. Kuupeleka kwenye inveta ukawe 230, kisha kifaa kiushushe tena, ni kumwaga maji njiani. Uliza kama kuna waya wa kuchomeka kwenye betri bila inveta. Mara nyingi upo, unauzwa peke yake, na unakuokolea saa mbili za kazi kila siku. Ukijumlisha betri, paneli, chaji kontrola na nyaya kwa bei za maduka ya mjini Mpanda, utakuta umefikia bei ya dishi au umeipita. Ndiyo maana nasema swali la bei ya dishi ni la mwisho.

Tulijibu basi, kwa rula ya jirani maana bei zake ziko wazi. Starlink walifungua Kenya Julai 2023, na mwaka uliofuata vifaa vikawa shilingi 45,500 za Kenya na malipo ya kawaida ya nyumbani 6,500 kwa mwezi. Shilingi yao tuihesabu kama 19 za kwetu: vifaa ni kama 865,000, mwezi ni zaidi ya laki na ishirini. Kwa miaka mitatu, malipo ya mwezi yanafika 234,000 za Kenya. Jumla 279,500, yaani milioni tano na laki tatu za kwetu. Vifaa ni sehemu moja kati ya sita. Sehemu tano zilizobaki ni mwezi baada ya mwezi, na mwezi haujui kama mpunga umeuzwa au tumbaku ya chama cha msingi imelipwa. Katavi fedha ina msimu. Mkataba hauna. Kama mapato yako yanakuja mara moja kwa mwaka, ama lipia miezi mingi mbele siku ya mauzo, ama tafuta kifurushi kinachoruhusu kusimamisha bila kufungiwa. Kenya kulikuwa pia na kifurushi cha GB 50 kwa 1,300 zao. Kwa shule yetu yenye mahitaji ya GB 2, hicho ndicho kingekuwa saizi yake. Watu hununua "isiyo na kikomo" kwa sababu neno lenyewe ni tamu.

Na "isiyo na kikomo" usome maandishi yake madogo. Kwa satelaiti za juu, karibu kila kifurushi kina kiwango ambacho ukikivuka kasi inashuka mpaka ukurasa unafunguka kama mlango wenye kutu. Kasi ile mnagawana. Mwale mmoja wa satelaiti unahudumia eneo kubwa, na jioni wote wanakaa mezani.

Kugawana huko hakuwaachi hata wa satelaiti za chini. Novemba 2024 Starlink waliacha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti zinazoizunguka kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Walifungua tena mwaka uliofuata. Kwa kijiji cha wilaya ya Mlele au ya Tanganyika hiyo ni habari njema kwa namna yake, kwani walaji ni wachache. Kwa anayetaka kufunga katikati ya mji wa Mpanda, ambako minara ipo, ni sababu ya kutofunga kabisa. Tena satelaiti zikianguka, zinaanguka kwa wote: Julai 24, 2025 mtandao huohuo wa Starlink ulizimika dunia nzima kwa kama saa mbili na nusu. Nyaya za baharini nazo si malaika, Mei 12, 2024 zilipokatika sote tulikaa tukizungusha simu. Mwenye kazi isiyosubiri, kama zahanati, awe na njia mbili, hata kama ya pili ni simu ya kichuguuni.

Nifike kwenye leseni, maana hapa ndipo fedha za watu huyeyuka. Rwanda, Msumbiji, Malawi, Kenya na Zambia zote zilipata huduma ya Starlink mwaka 2023, na Burundi 2024. Tanzania ikabaki imezungukwa. Kwa kuwa Kongo iko ng'ambo ya ziwa tu, na Zambia iko kusini mwa Rukwa, hukosi mtu wa kukwambia ana dishi lililosajiliwa upande wa pili, lete fedha ujionee. Kabla hujatoa hata senti, jua mambo mawili. Kwanza, vifaa hivyo vinajua vilipo. Masharti yao yanasema anayetumia nje ya nchi aliyosajiliwa kwa zaidi ya miezi miwili lazima abadilishe anwani, na mwaka 2024 waliwatumia notisi za kukatiwa watumiaji wa nchi zisizoruhusiwa. Unaweza kulala una mtandao ukaamka na sinia. Pili, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka mtoa huduma awe na leseni, na vifaa vya redio viwe vimeidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Uliza TCRA moja kwa moja kama kampuni unayotaka kuilipa ina leseni siku hiyo unayolipa; usimuulize muuzaji. Na ukifikiria kuuza waifai kwa wanakijiji kwa vocha za mia tano, jua hiyo ni biashara ya leseni nayo.

Hata usipouza, watakuja. Nywila ya waifai ya shule ile ilikaa siku nne. Siku ya tano niliona kwenye ruta vifaa 31, na walimu ni tisa. Usigombane na watoto wa watu. Tenganisha mitandao miwili kwenye ruta, mmoja wa ofisi, mmoja wa wageni wenye kasi ndogo iliyofungwa, na kama dishi huachwa likiwaka baada ya ofisi, wa wageni uzimike saa mbili usiku. Kwenye kompyuta zote weka alama kwamba mtandao huu ni wa kulipia kwa kipimo, ili Windows isijisasishe ovyo. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na hakuna kazi ya nusu saa itakayokuokolea GB nyingi kuliko hiyo.

Yaliyobaki ni ya fundi. Nguzo iwe ya chuma ndani ya zege, si juu ya bati, kwani bati hucheza upepo wa Septemba ukija. Waya wa kutuliza radi ushuke mpaka kwenye nondo iliyozamishwa ardhini. Na wingu likinguruma karibu, chomoa, maana hakuna kifaa cha dukani kinachozuia radi iliyokusudia. Pitisha waya ndani ya bomba. Panya na nyani wa kandokando ya hifadhi hawajui thamani yake. Dishi bapa lifutwe vumbi na kinyesi cha ndege kila wiki mbili wakati wa kiangazi, kwa maji na kitambaa, bila sabuni ya kukwaruza. Na kwenye dishi lenye mkono, chungulia mdomo wa kipokezi kila mara. Nyigu wa udongo wanaupenda.

Mwisho wa Januari nilirudi shule ile na nguzo mpya, mita 30 kusini mwa ile ya zamani. Kabla ya kuchimba nilisimama pale na simu nikapima anga, kisha nikamwita mwalimu mkuu asimame na yeye.

"Mwalimu, unaona mti wowote?"

Akaangalia magharibi, akainua macho taratibu, akapita juu ya mninga. "Huo pale chini mdogo," akasema, akionyesha mche wa msindano uliofika magotini.

Tuliuhamisha na wenyewe, tukaupanda nyuma ya choo.